Dole Gumba la Bibi Khurshid

Bibi Khurshid hakuhitaji gazeti ili ajue taifa limekasirika kiasi gani. Alichovya kidole kwenye sufuria ya maziwa, akakiinua, akatazama tone linavyoshuka. Timu ya kriketi ikishinda, maziwa ya Alla Ditta hung'ang'ania kidole kama asali. Timu ikishindwa, hukimbia. Asubuhi ile yalikimbia hadi kwenye kiwiko.

“Alla Ditta,” alimwita muuza maziwa, ambaye alikuwa tayari amepanda pikipiki yake na makopo yake mawili. “Haya ni maziwa, au ni maji aliyoogea nyati wako?”

“Mama, nyati naye aliangalia mechi,” Alla Ditta akajibu bila kugeuka. “Tangu juzi hali majani. Tumepigwa na watu ambao siku za kazi ni mafundi umeme na walimu wa chekechea. Nyati ana moyo, Mama.”

Bibi Khurshid aliifunika sufuria. Angekuwa anaishi nyumba nyingine yoyote ya mtaa ule wa Lahore, angeweza kumkoromea muuza maziwa. Lakini mtu aliyewachagua wale walioshindwa na walimu wa chekechea alikuwa amelala chumba cha pili, amejifunika shuka hadi kichwani, na ni yeye Bibi Khurshid aliyemzaa.

Iqtidar, mwanawe, alikuwa mteuzi mkuu wa timu ya taifa. Wa nane katika miaka mitatu. Saba wa mwanzo walikikimbia kiti kile, naye akakipata kwa sababu hakuwahi kuwa mwepesi wa kukimbia, jambo ambalo kila aliyemwona uwanjani alilijua. Enzi zake aliichezea nchi mechi tatu, akapata mbio arobaini na moja kwa jumla. Mama yake akiwasimulia wageni huzifanya mia, ili hesabu iwe nyepesi kukumbuka.

Wiki ile nyumba ilikuwa imeonja mengi. Mwoka mikate aliwapa naani zilizoungua upande mmoja, na alipoulizwa akasema ni zile zile wanazokula mashabiki. Fundi cherehani alimpima Iqtidar suruali huku akinong'ona na kamba yake ya vipimo kama mtu anayepima jeneza. Jumamosi vijana walimtengeneza Iqtidar wa majani makavu wakamchoma pale njia panda, akiwa amevaa sweta lake halisi la kijani. Sweta lile alilitoa Bibi Khurshid mwenyewe kwa mkono wake, alipoambiwa nguo zinakusanywa kwa ajili ya wasiojiweza. Alikwenda kutazama likiungua. Akawaambia vijana kazi si mbaya, ila tumbo wamelipunja.

*

Saa nne simu ililia. Alikuwa Talat, binti yake, dada yake Iqtidar, kutoka Sheikhupura.

“Mama, visa ya Sarmad imefika.”

Bibi Khurshid akakaa juu ya kitanda cha kamba. Sarmad alikuwa mwana wa Talat, mjukuu wake wa kwanza, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye mpira wake ukigusa chini hupinda kama mtu aliyekumbuka amesahau funguo nyumbani. Miaka ishirini na sita. Misimu mitatu mfululizo alikuwa katika warushaji bora wa ligi, na misimu mitatu mfululizo jina lake halikusomwa. Timu ya kampuni aliyoichezea ilikuwa inavunjwa mwezi ule. Huko Sharjah baba yake mdogo alikuwa na duka la vigae.

“Ataondoka lini?”

“Orodha inasomwa Alhamisi. Asiposomwa, Jumapili anapanda ndege akabebe vigae. Amesema mwenyewe, mpira atautundika. Na ule uchumba, wale watu wamesema wao walimchumbia binti yao mchezaji, si mpanga vigae.” Talat akavuta pumzi. “Mama, mwambie kaka.”

“Nimwambie nini? Kaka yako nikimwambia amchague mpwa wake, atamwacha hata kama ndiye mrushaji pekee aliyebaki duniani. Anaogopa kuitwa kimemo.”

Hilo ndilo lilikuwa tusi lenyewe. Mchezaji aliyeingia kwa baba mkubwa, kwa mjomba, kwa karatasi ndogo iliyoandikwa na mtu mzito, watu hawakumzomea kwa jina lake. Uwanja mzima ulimwimbia neno moja: kimemo, kimemo, mpaka mpira ukamtoka mkononi.

“Basi fanya kitu,” Talat alisema.

“Mimi ni mwanamke wa darasa la nne,” Bibi Khurshid akasema kwa unyonge mkubwa. Kila alipotaja darasa la nne kwa unyonge, waliomjua walishika mifuko yao.

*

Iqtidar naye alikuwa na mpango wake. Jumanne alirudi kutoka ofisini na bahasha nene ya kaki, akaibwaga juu ya meza ya kulia chakula.

“Majina yote yanaondoka,” alimwambia mkewe, Shagufta, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana na hakuwahi kuonekana akicheka kabla ya saa kumi jioni. “Wachezaji arobaini na wawili, karatasi arobaini na mbili. Utakata jina, mji na jina la baba. Utaandika namba tu. Zibaki takwimu. Kesho wenzangu wanakuja hapa kuchagua, na hakuna atakayejua anamchagua nani. Hata mimi.”

“Kwa nini kazi hii haifanyiki ofisini?”

“Ofisini chai ikifika tu, orodha imeshafika kwa waandishi.”

Shagufta akatoa mkasi wake wa shule. Alikata jina baada ya jina, na ule ufunguo, karatasi moja inayoonyesha namba ipi ni ya nani, akautia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Iqtidar alikuwa ametoka kwenda kukaa uani, ameupa mlango mgongo asije akaona jina.

Bibi Khurshid alikuwa pale pale mezani, upande wa pili, na bakuli la vipande vya kuku. Alikuwa anavipaka chumvi, kitunguu saumu na manjano. Hakuna aliyemfukuza. Ajuza mwenye bakuli la kuku mbele yake haonekani, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Karatasi ya kumi na saba ilipofika chini ya mkasi, alilisoma jina kabla halijakatika. Sarmad. Elimu ya darasa la nne inatosha kabisa kwa jina la mjukuu.

“Mwanangu Shagufta,” alisema, “huo si mlango unaogongwa?”

Shagufta aligeuka. Dole gumba lenye manjano likatua kwenye pembe ya chini ya karatasi, likaondoka.

“Hakuna mtu, Mama.”

“Masikio yangu haya,” Bibi Khurshid alisema, akarudi kwenye paja la kuku.

Mpango wake ulikuwa huu, na aliuona mzuri sana: Iqtidar ataliona doa, atajua bila kuambiwa, moyo wa mjomba utamlainika, na hakuna mtu atakayekuwa amesema neno. Hakuwahi kujiuliza kama kijana anahitaji msaada huo. Hizo takwimu zenyewe hakuzitazama hata mara moja. Alikuwa na haraka ya kudanganya.

*

Jumatano baada ya chakula cha mchana wateuzi watatu, wenzake Iqtidar, walikuja. Wawili walikuwa wanene na wapole, wa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Wa tatu alikuwa Malik Sajawal, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya aliyoivaa hata kwenye joto, aliyerusha mpira enzi ambazo bado anazihesabu kuwa jana.

Bibi Khurshid alileta chai, akaleta sambusa, akaleta sukari, akarudi kuchukua kijiko, akaleta kijiko kimoja kimoja.

Kazi ilikuwa ngumu kwao kuliko walivyodhani. Maisha yao yote walikuwa wamechagua watu, na sasa walipewa hesabu.

“Huyu namba tano,” alisema mnene wa kwanza, “ni wa Multan au wa Karachi?”

“Hatujui,” Iqtidar akasema. “Ndiyo maana yake.”

“Sasa nitajuaje kama nampenda?”

“Tazama mbio zake.”

Mnene alizitazama kama mtu aliyeletewa mchumba bila uso. “Baba yake je, alicheza?”

“Baba yake amekatwa na Shagufta.”

Walikwenda hivyo saa nzima. Wapigaji wakapatikana kwa shida. Kisha wakafika kwa warushaji. Malik Sajawal alikuwa ameshika karatasi moja kwa mikono miwili.

“Kumi na saba,” alisema polepole. “Amewatoa wapigaji hamsini na wanane msimu huu. Nusu yao kwenye viwanja ambavyo hata mimi nisingetaka kurusha. Huyu alikuwa wapi?”

Karatasi ikazunguka. Mnene wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili akatikisa zaidi. Iqtidar aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaandika kumi na saba juu kabisa ya orodha ya warushaji, na kila mmoja akaweka sahihi pembeni.

Bibi Khurshid, nyuma ya mlango na birika mkononi, aliirudia ile namba kimoyomoyo. Hamsini na wanane. Kijana alikuwa ameshaingia kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyeliona doa.

“Hebu,” alisema Malik Sajawal. Alikuwa ameiinua tena karatasi kwenye mwanga wa dirisha, apate kuzifurahia zile takwimu. Akaisogeza puani. Akanusa. “Manjano.”

Malik Sajawal alizipitia nyingine, moja moja, pembe kwa pembe. Arobaini na moja zilikuwa safi.

“Iqtidar,” alisema kwa upole, “nyumbani kwangu pia kuna mama.”

Iqtidar alikuwa amekuwa rangi ya maziwa ya Alla Ditta. Alitazama mlangoni, na Bibi Khurshid hakuwahi kumwona mwanawe akimtazama vile, hata siku alipompeleka shule mara ya kwanza akamwacha pale bila kumuaga.

“Mama. Hii ni ya nani?”

“Ya mtu aliyewatoa hamsini na wanane,” Bibi Khurshid alisema.

“Ni ya Sarmad.”

Bibi Khurshid aliliweka birika chini.

“Lakini mmemchagua kabla ya kuliona doa,” alisema. “Nimesimama hapa. Nimesikia.”

“Ndiyo, Mama,” Malik Sajawal akasema. “Ndiyo maana inauma. Nikitoka hapa nikiulizwa, nitaapa kwamba ndiye bora. Na atakayenisikiliza ataniuliza mbona karatasi yake ina harufu ya mchuzi.”

Iqtidar aliishika ile karatasi, akaiweka pembeni peke yake, kifudifudi. “Anatoka,” alisema. “Twendeni tukaswali.”

Wanaume wanne wakavaa viatu, wakaenda msikitini kwenye kona kwa swala ya alasiri.

*

Bibi Khurshid alibaki na karatasi arobaini na mbili na sambusa tatu. Alikula moja, kwa sababu aliona anafikiri vizuri zaidi akitafuna.

Alijiona alivyo: ajuza wa miaka sabini na minane aliyekwenda kumsukuma kijana aliyekuwa tayari anapita mlangoni, akamwangusha kifudifudi. Angekaa jikoni siku mbili tu, mikono ndani ya bakuli, mjukuu wake angekuwa mchezaji wa taifa. Hata adui yake asingeweza kumdhuru kwa usafi kiasi hicho.

Kisha akaenda jikoni akarudi na kopo la manjano na kisahani cha maji.

Maisha yake yote Bibi Khurshid alijivunia jambo moja: hakuwahi kuweka dole gumba mahali pa sahihi. Kwenye cheti cha ndoa, kwenye hati ya nyumba, kwenye fomu za serikali, aliandika jina lake lote, herufi kubwa kubwa, akiwakodolea macho makarani. Sasa alichovya dole gumba, akalikandamiza kwenye pembe ya karatasi ya kwanza. Kisha ya pili. Alikwenda hadi arobaini na mbili, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la nne.

Waliporudi walimkuta amekaa, mikono imepakatwa, karatasi zimepangwa vizuri katikati ya meza. Zote zilikuwa na pembe ya njano.

Malik Sajawal alichukua moja, akachukua ya pili, akachukua ya ishirini. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha kofia ya manyoya ikamdondoka, na wale wanene, wakiona yeye anacheka, wakacheka.

Iqtidar hakucheka. “Mama, umezichafua arobaini na moja ili kuficha moja.”

“Nimezisawazisha.”

“Hujasawazisha kitu. Hawa wote wanajua.”

“Wanajua kwamba mama yako ni mdanganyifu,” Bibi Khurshid akasema. “Hilo mtaa mzima unalijua, hata Alla Ditta. Mtoe mdanganyifu. Mrushaji amefanya nini?”

Kwa kuwa alikuwa amesema kweli, jambo ambalo si kawaida yake, ilimtoka kwa sauti nyembamba asiyoizoea, akaona haya.

Iqtidar alikaa. Aliitazama ile orodha yenye sahihi nne, akaipapasa, akavua miwani. “Sahihi ziliwekwa kabla,” alisema, zaidi kwa nafsi yake. “Nikimtoa, nimemtoa kwa sababu ni mpwa wangu. Huo nao ni upendeleo, ila umegeuzwa.” Akaivaa miwani. “Anabaki. Mimi ndiye ninayetoka. Kesho nitasoma majina kumi na matano, na langu la kumi na sita.”

“Usiwe mpumbavu,” Malik Sajawal alisema, kicheko kimekwisha. “Kosa si lako.”

“Ni la nyumba yangu. Na lile sweta limeshaungua, Malik. Sina kingine cha kuchomewa.”

*

Alhamisi alisoma majina. Alipofika kwa Sarmad, mwandishi mmoja akasimama kabla hajamaliza.

“Huyu si mpwa wako?”

“Ni mwana wa dada yangu, na ndiye mrushaji bora tuliye naye. Na kuanzia nitakapoikunja karatasi hii, mimi si mteuzi wa mtu yeyote.”

Akaikunja. Jioni ile runinga zote zilikuwa na watu wazima wenye tai wakisema neno moja, kimemo, na aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Karachi ambaye wiki moja baadaye alipewa kiti kile na kuwa mteuzi mkuu wa tisa.

Sarmad alikuja Jumamosi kuaga. Safari ilikuwa ya timu, si ya Sharjah, lakini aliingia kama mtu anayekwenda kubeba vigae. Mama yake alikuwa amemsimulia yote. Bibi Khurshid alikuwa ameandaa vitamu vya ladu, na kitambaa cha kijani chenye sarafu ya rupia moja ndani, ili amfunge mkononi, kama anavyofungwa kila anayesafiri akabidhiwe kwa Mungu.

Kijana aliukunja mkono wa shati, akautoa mkono wa kushoto, akakumbuka ndio wa kurushia, akautoa wa kulia.

“Bibi, niulize kitu. Walinichagua kabla ya manjano, au baada?”

“Kabla.”

“Unaapa?”

“Naapa, Sarmad. Nilikuwa nyuma ya mlango. Kabla.”

Sarmad alimtazama. Huyu ndiye bibi aliyemwambia zamani kwamba mbuzi wake wa Idi amekwenda kusoma Islamabad. Ndiye aliyewaambia wakwe watarajiwa kwamba kijana hana hata siku moja aliyochelewa kuamka.

“Sawa, Bibi,” alisema, kwa ile sauti ambayo watu humwambia mtoto kwamba picha aliyochora ni ng'ombe kweli.

Bibi Khurshid alifunga fundo mara mbili. Alikuwa na ukweli mmoja tu wa kumpa, mwaka mzima, na hakuna aliyeutaka.

*

Mechi ya kwanza waliitazama wote sebuleni, Iqtidar akiwa chini kwenye zulia kwa kuwa sofa alisema ni la wateuzi. Sarmad alipopewa mpira, uwanja ukaanza kuimba. Ilisikika hata kupitia runinga ile mbovu. Kimemo, kimemo. Mpira wake wa kwanza ulipigwa nje ya uwanja. Wa pili pia. Shagufta akainuka akaenda kusahihisha madaftari ambayo alikuwa ameshayasahihisha. Hadi mwisho wa siku kijana alikuwa amewatoa wawili, na timu ikashindwa kama desturi, lakini kwa pengo jembamba.

Asubuhi Bibi Khurshid alichovya kidole kwenye sufuria. Tone lilisita kidogo kwenye ncha, likafikiria, kisha likashuka.

“Nusu maji,” alimwambia Alla Ditta.

“Nusu maziwa, Mama,” Alla Ditta akasema. “Yule wenu wa mkono wa kushoto, huyo aliyemtoa nahodha wao. Nyati ameonja majani.”

Kisha ikaja Jumatatu, na ikasemekana mteuzi wa tisa anapanga orodha mpya huko Karachi, mbali na jiko lolote la ukoo huu. Siku hiyo Bibi Khurshid aliacha kupika. Shagufta akashika chungu. Nyumba ikala wali mweupe, dengu nyeupe na kuku aliyefanana na mgonjwa, kwa sababu Bibi Khurshid alikataza kopo la manjano lisifunguliwe mbele yake.

Alhamisi alikaa mbele ya runinga. Mzee wa Karachi alisoma majina kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Aliwaondoa sita wa Iqtidar. Alifika jina la nne, akasita, akalisoma, Sarmad, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba huyu amechaguliwa kwa takwimu zake.

Iqtidar, chini kwenye zulia, akajifuta uso kwa pembe ya kanzu, akasema pazia lina vumbi.

Simu ililia kabla ya jina la kumi.

“Bibi,” Sarmad alisema. “Ilikuwa kabla.”

“Nilikuambia.”

“Uliniambia.” Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya yule mtoto aliyeambiwa mbuzi wake yuko Islamabad. “Lakini hebu niambie ukweli. Wiki hii yote, hiyo mikono yako ilikuwa wapi?”

“Nimeikalia, mwanangu,” Bibi Khurshid akasema. “Yote miwili, tangu Jumatatu. Hii simu amenishikia mjomba wako.”